Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa KMA: Kibali cha kuhamisha vilipuzi kianze na mahali

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Masuala ya Bahari ya Kenya (KMA),
Mombasa.

Mkurugenzi Mkuu,

Pokea salamu kutoka Mtongwe. Nakuandikia kuhusu kazi ya bandarini isiyozungumzwa sana huku mitaani, nayo ni kuhamisha vilipuzi kutoka meli moja hadi nyingine ndani ya maji ya bandari. Naomba kazi hiyo iwe na kibali chake peke yake, kitolewe upya kila inapofanywa, na swali la kwanza katika kibali hicho liwe ni wapi. Kiasi cha mzigo kifuate baadaye.

Nilikuwa karani wa shehena gatini kabla ya kustaafu, na makaratasi ya mizigo ya hatari nayajua. Kanuni za kimataifa za kubeba mizigo ya hatari baharini, yaani IMDG, zinaviweka vilipuzi katika Daraja la 1, kuanzia 1.1, yaani vile vinavyoweza kulipuka vyote kwa mpigo mmoja, hadi 1.6. Kila kifurushi kina herufi inayoonyesha kisiwekwe pamoja na nini. Viwashio, kwa mfano, havilazwi na baruti yenyewe. Kanuni hizo zimekuwa za lazima kwa meli tangu 2004 na sina ugomvi nazo. Ila sehemu kubwa yake inahusu mzigo uliofungwa vizuri na kutulia ndani ya ngama, yaani tumbo la meli linalowekwa mizigo. Mzigo unaohamishwa hautulii. Unaning'inia kwenye kamba ya kreni juu ya maji, na chini yake kuna vyombo viwili vinavyopanda na kushuka, kila kimoja kwa mwendo wake.

Mtu wa nchi kavu huenda asione uzito wa jambo hili. Wakati wa kusi, meli mbili zikifungwa ubavu kwa ubavu kule nje kwenye nanga, wimbi linaweza kuinua sitaha ya moja wakati ile ya pili inashuka. Kreni ni ya meli hii, ngama ni ya meli ile. Manahodha ni wawili, na mara nyingi mabaharia wao hawana lugha moja. Ndani ya bandari ya Kilindini maji ni shwari zaidi, na hapo ndipo kishawishi cha kufanyia kazi hii ndani kinapotokea. Lakini ndani ndiko tuliko sisi.

Tazama ramani ya mlango wetu, Mkurugenzi Mkuu. Hakuna meli inayoingia Kilindini bila kukata njia ya feri ya Likoni, mahali ambapo ng'ambo na ng'ambo zimeachana kama nusu kilomita tu. Ukipita hapo unakutana na Mbaraki, kisha matangi ya mafuta ya Shimanzi, kisha Kipevu na gati jipya la mafuta lililozinduliwa 2022, lenye nafasi ya meli nne kwa wakati mmoja. Upande wa pili ni Mtongwe yenye kambi ya wanamaji na nyumba zetu.

Kuna hesabu ambayo wataalamu wako wanaijua na raia anastahili kuijua. Umbali wa usalama hukadiriwa kwa kipeuo cha tatu cha uzito wa baruti. Ukipunguza mzigo kwa nusu, umbali unaotakiwa haupungui kwa nusu. Unapungua kwa takriban moja ya tano. Kuupunguza umbali huo kwa nusu kunataka uondoe sehemu saba kati ya nane za mzigo. Kwa hiyo afisa anayesema "tumewaruhusu kiasi kidogo tu" hajatulinda sana, ikiwa hicho kidogo kinahamishwa karibu na feri.

Bombay, bandari ambayo majahazi yetu yameijua kwa karne nyingi, ilijifunza hili tarehe 14 Aprili 1944. Meli Fort Stikine ilikuwa imebeba vilipuzi takriban tani 1,400 pamoja na marobota ya pamba. Ilikuwa imefunga gatini tangu siku mbili kabla, moto ukazuka katika ngama, na milipuko miwili ikaua mamia ya watu na kuteketeza sehemu kubwa ya gati na mitaa ya jirani. Beirut, tarehe 4 Agosti 2020, ilikuwa nitrati ya amonia, tani 2,750, iliyofika na meli mwaka 2013 na kuachwa ghalani. Barua za maonyo zilikuwepo. Maafisa wa forodha walikuwa wameandika tena na tena.

Nasi si wageni wa shehena nzito. Meli Faina ilifunga hapa Februari 2009 na vifaru 33, baada ya kuachiliwa na maharamia.

Wapo wasemao ajali haina kinga. Hii ina kinga, na mabaharia wanaijua: bendera nyekundu mchana na taa nyekundu usiku, tagi, yaani meli ndogo za kuvuta nyingine, zikae tayari, injini ziwe tayari kuondoa meli, kusiwe na uchomeleaji wala kujaza mafuta kazi ikiendelea, na kazi isimame radi zikianza. Tena kibali kimtaje kwa cheo mtu mmoja mwenye uwezo wa kusema simama, na wote wawili, nahodha huyu na nahodha yule, wamtii. Kivuko cha Mtongwe kilichozama tarehe 29 Aprili 1994 na kuua watu 272 kilikuwa na kikomo cha abiria 300. Kikomo kilijulikana, na bado watu zaidi ya hao walipanda.

Najua jibu moja linalokuja haraka, kwamba mambo haya ni siri ya usalama. Nalikubali kwa nusu. Sitaki kujua jina la meli wala siku itakayofika, kwa sababu mwizi na gaidi pia husoma matangazo. Ninachotaka ni masharti: eneo gani la maji limetengwa, kikomo cha uzito hapo ni kipi, feri husimamishwa lini, na ni nani anayezijulisha hospitali za Likoni na Makadara pamoja na zimamoto wa kaunti.

Leo majukumu yamegawanyika. Sheria ya Vilipuzi, Sura ya 115, iko chini ya wizara ya madini. Gati na nanga ni za Mamlaka ya Bandari ya Kenya (KPA). Usalama wa meli ni wako. Ndiyo maana naiandikia ofisi yako, ili iziite nyingine mezani na kutoka na kibali kimoja chenye sahihi zote.

Kifungu cha 35 cha Katiba kinanipa haki ya kupata habari iliyo mikononi mwa serikali. Sheria ya mwaka 2016 inatoa siku 21 za kujibu, na saa 48 pale habari inapohusu uhai wa mtu. Mimi nitangoja hizo siku 21. Maswali manne yaliyo hapo juu nitayaleta pia kwa maandishi ofisini kwako, na naomba majibu yabandikwe kwa Kiswahili kwenye vivuko vya Likoni na Mtongwe.

Wako mwaminifu,
Karani mstaafu wa shehena,
Mtongwe.