Mhariri, kivuli cha mama kina kosa gani?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye safu ya barua maana nina la kusema kuhusu ule ukurasa wenu wa picha za wasomaji za msimu wa baridi. Tangazo lenu nimelisoma mara mbili. Picha iwe ya mchana, isiwe imetikisika, isionyeshe kivuli cha mpiga picha. Nikacheka peke yangu, kwa sababu kwa masharti hayo mimi na wanangu hatujawahi kuishi winta hata moja.

Ngoja nieleze. Huku kwetu kwenye theluji natoka nyumbani saa 1 asubuhi, giza. Narudi saa 11 jioni, giza tena. Jua naliona kwa mbali kupitia mlango wa kazini pale wateja wanapoingia na kutoka, na mimi niko kaunta nimesimama. Ukipanda kaskazini mpaka latitudo ya 60 huko, tarehe 21 Desemba jua la adhuhuri halifiki hata digrii 7 juu ya upeo wa macho, na mchana wote ni kama masaa sita tu, yaani siku inaanza na kuisha mtu hujavua sare ya kazi. Sasa huo mchana mnaoutaka nyinyi ni wa nani? Wa mwenye likizo, au wa jumamosi.

Maisha yetu ya winta yanafanyika koridoni. Pale ndipo kila kitu kipo, buti, ovaroli, kofia za sufu, skafu, na glavu ambazo siku zote ni moja moja, hazijawahi kuwa jozi tangu niwe mzazi. Baba yao yuko zamu ya usiku, tunapishana hapo hapo mlangoni, yeye anaingia na baridi mwilini mimi natoka na usingizi machoni, tunapeana mtoto kama watu wanaopokezana kijiti. Taa ya korido ni moja, ya manjano, hafifu. Na simu kwenye mwanga kama ule inabidi iache jicho lake wazi muda mrefu kidogo ili ipate kuona, sasa mtoto wa miaka minne umwambie atulie atakuelewa? Ili umnase mtoto anayerukaruka bila kutikisika unahitaji jicho hilo lifunguke na kufumba ndani ya kama sehemu moja ya 250 ya sekunde, na balbu yetu haina uwezo huo hata ukiibembeleza. Flashi nayo ndiyo kabisa, inawatoa watoto weupe kama wameona jini na nyuma yao kiza.

Kwa hiyo picha zangu zimetikisika, na nilikuwa nazifuta. Kila jumapili usiku nakaa kitandani nafuta, hii imecheza, hii haina sura, hii nini hii.

Mpaka siku moja nikasita kwenye moja. Ni ya jumanne asubuhi. Kitindamimba wangu ameshavishwa vyote, soksi mbili mbili, sweta, ovaroli mpaka kidevuni, zipu imegoma katikati nimeipaka sabuni ndo ikakubali, glavu, kofia, kila kitu, basi liko dakika sita kutoka sasa, na ndipo anatamka lile neno ambalo kila mzazi wa nchi yenye theluji analijua: mama, kojo. Sijui kwa nini nilipiga picha badala ya kupiga kelele. Kwenye picha uso wake ni ukungu tu, mikono imekuwa minne, buti moja iko hewani, na pembeni mkono wa dada yake unaivuta ile zipu kuelekea chini. Hakuna kilicho wazi isipokuwa hita ya ukutani yenye soksi tano zimejipanga zinakauka. Nimeitazama hiyo picha mara nyingi kuliko ile ya studio tuliyolipia.

Basi nikaanza kuzikagua vizuri badala ya kuzifuta. Picha za baridi hii pekee, Novemba mpaka Februari, ziko 412. Dirisha la basi lenye mvuke mtoto kachora mnyama mwenye miguu sita. Buti zimemwaga maji ya theluji sakafuni na mtu kakanyaga na soksi (mimi). Kifungua mimba kalala na koti mkononi mwa baba yake. Na mimi mwenyewe niko kwenye picha 3 kati ya hizo 412. Tatu! Moja ni kidole changu kimeziba lenzi.

Wazazi wenzangu kazini nilipowauliza wakacheka kwa uchungu, kila mtu na zake mbili tatu. Anayeshika simu ndiye anayepotea. Na siyo jambo la leo. Upigaji picha ulipotangazwa kule Paris mwaka 1839 mtu alitakiwa kuganda dakika kadhaa, na hata baadaye muda ulipopungua ukawa sekunde, mtoto mchanga alikuwa hawezi. Wakafanyaje? Mama anafunikwa shuka gubigubi, anakaa, mtoto anawekwa mapajani mwake kana kwamba mama ni kiti, halafu picha inapigwa. Picha hizo za karne ya 19 zipo hadi leo, unamwona mtoto kavaa vizuri anakodoa macho, na nyuma yake lundo la kitambaa lenye umbo la mtu, saa nyingine mkono umechungulia. Mara ya kwanza kuziona zilinitisha kidogo. Siku hizi nikiziona najisemea, huyu ni mimi na simu yangu.

Sasa nije kwenye kivuli, maana ndicho kilichoniudhi.

Jumamosi moja ya Januari tulibahatika, jua limetoka, baba yao hana zamu na mimi sina, theluji mpya ya usiku haijakanyagwa na mtu. Tukatoka wote. Wenye ujuzi watanisamehe, mimi si fundi, lakini mambo haya nimeyajua kwa kuumia: simu yenye chaji asilimia 30 kwenye baridi kali inaweza kuzima ghafla kama imekatwa umeme, maana kemia ya betri inapoa na kuwa nzito, ukiipeleka kifuani ndani ya koti ikapata joto chaji inarudi. Skrini haikutambui ukiwa na glavu za kawaida, ila kitufe cha sauti kwenye simu nyingi kinapiga picha vizuri tu. Na theluji inaidanganya kamera, kamera ikiona weupe mwingi hivyo inadhani mwanga umezidi, inaupunguza, theluji yako inatoka ya kijivu kama majivu ya jana, dawa yake ni kugusa skrini na kusukuma mwanga juu kidogo mpaka weupe urudi. Ukiingia ndani nayo usiifute lenzi kwa haraka, mvuke utaendelea kuja tu mpaka kioo kipate joto, wenye kamera kubwa wanaifunga kwenye mfuko wa nailoni kabla ya kuvuka mlango. Nilipiga moja na ukungu ule ule, watoto wanavua buti wanaonekana kama wako mawinguni, sikuifuta.

Lakini nje kule, kwa sababu jua la Januari liko chini hivyo, kivuli cha mtu kinakuwa kirefu mara kadhaa kuliko yeye mwenyewe. Kila nikisimama jua likiwa mgongoni, kivuli changu kinatangulia, kinavuka theluji yote mpaka kwenye buti za watoto. Kofia, mabega, viwiko viwili vimeinuliwa vimeshika simu. Nikakumbuka masharti yenu. Jioni nikakaa nikaikata picha, nikatoa kivuli chote, wakabaki watoto na theluji safi, nikasema hii sasa ndiyo ya gazetini.

Binti yangu wa miaka tisa alikuwa anachungulia begani kwangu. Akaniuliza, mama mbona umejikata? Nikamwambia kile siyo mimi, ni kivuli tu, kinaharibu picha. Akasema, lakini sisi tulikuwa tunakimbia ndani yako. Kumbe ndo mchezo waliokuwa wanacheza muda wote ule mimi nikihangaika na mwanga, atakayetoka nje ya kivuli cha mama anaungua na jua, wanarukia kichwa, wanapita shingoni, wanapumzika tumboni. Mimi nilidhani wanakimbia ovyo.

Mhariri, simu hizi zina huruma, ukikata picha yenyewe inahifadhi ile ya mwanzo, unabonyeza tu inarudi. Nimeirudisha. Iko kwenye friji, imebanwa na sumaku, juu yake kuna ile ya jumanne yenye mikono minne, na baba yao naye ameanza tabia ya kunipiga picha bila kuniambia, juzi kaninasa nimesinzia kwenye kiti nimevaa buti mguu mmoja, sijapendeza hata kidogo na nimemkataza asifute.

Nakuambatanishia ile yenye kivuli. Sura za wanangu sitaki zizagae mtandaoni, na bahati nzuri hapo wamegeuka wanakimbia, zinaonekana kofia tu. Hivyo anayetambulika vizuri kwenye picha ni mimi, na mimi nimeruhusu. Ikipigwa chini kwa sababu ya masharti yenu sitanuna, ila naomba mwakani tangazo litoke mapema, Oktoba hivi, na mseme kama picha za koridoni zinakubalika. Ninazo nyingi.

Msomaji wenu wa kila siku,
Mama wa watoto wawili na glavu tatu