Gracie Gold alirudi, hata kama hakushinda

Mhariri,

Makala yenu kuhusu wanamichezo waliorudi mashindanoni baada ya kuugua maradhi ya akili niliisoma mara mbili. Mara ya kwanza niliisoma kwa furaha, kwa kuwa habari kama hizi ni adimu kwenye ukurasa wa michezo. Mara ya pili niliisoma kwa uchungu. Simone Biles, mwanajimnastiki wa Marekani, alipewa nusu ukurasa na picha kubwa. Alysa Liu, mtelezaji wa barafuni, akapewa aya nne. Gracie Gold, mtelezaji wa barafuni wa Marekani, aliambulia mstari mmoja tu, kwamba alirukwa na akili, akajaribu kurudi lakini hakufua dafu.

Mstari huo ndio ulionikalisha chini kuandika. Mchezo wa kuteleza kwenye barafu nimeufuatilia kwa miaka mingi kwenye televisheni, na ninayo sababu nyingine iliyo karibu na moyo wangu, ambayo nitaifikia.

Wasomaji wengi huenda hawamjui binti huyu. Mwaka 2014, akiwa na miaka 18, alikuwa bingwa wa Marekani, akaenda Olimpiki ya Sochi na kurudi na medali ya shaba ya timu. Katika mashindano ya mmoja mmoja alikuwa wa nne. Jina lake la ukoo kwa Kiingereza ni dhahabu, na magazeti ya kwao hayakuacha kulichezea. Ebu fikiria kijana anayesikia kila siku kwamba hata jina lake linamdai medali.

Mwaka 2016 akatwaa ubingwa wa taifa kwa mara ya pili, kisha mashindano ya dunia yakafanyika Boston, nyumbani kabisa. Wanawake wa Marekani walikuwa hawajapata medali ya dunia tangu 2006. Mshindani hufanya maonyesho mawili, fupi na refu, na alama zake hujumlishwa. Gold alimaliza onyesho fupi akiwa wa kwanza. Lilipokuja onyesho refu akaanguka, akateremka hadi nafasi ya nne, na Mmarekani mwenzake, Ashley Wagner, ndiye aliyeondoka na medali ya fedha. Baada ya hapo Gold alisema anaona aibu, akaomba radhi kwa nchi yake na kwa watazamaji. Alikuwa na miaka 20. Analiomba radhi taifa zima kwa makosa ya dakika nne! Nakumbuka nilimtazama usiku ule nikajisemea, mtoto huyu hana mtu wa kumwambia inatosha.

Msimu uliofuata alimaliza wa sita katika mashindano ya taifa, akaachana na kocha wake, na mwaka 2017 akaingia kwenye matibabu ya sonona (ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka), wasiwasi uliopitiliza na matatizo ya ulaji. Olimpiki ya 2018 ikapita bila yeye.

Hapo niseme kidogo kuhusu ulaji, maana makala yenu iliruka jambo hili. Kwenye mchezo huu njaa si ajali. Mruko wa mizunguko mitatu humalizika hewani kwa chini ya sekunde moja, na mwili mwembamba huzunguka upesi zaidi. Msichana anapobalehe mwili unabadilika, nyonga zinatanuka, na mruko aliouzoea tangu utotoni unaanza kumkataa. Wapo wanaoambiwa wapunguze kula. Wapo wasioambiwa na mtu, wanajiambia wenyewe mbele ya kioo. Yulia Lipnitskaya wa Urusi alishangiliwa na dunia nzima alipotwaa dhahabu ya timu kule Sochi akiwa na miaka 15. Mwaka 2017, akiwa na miaka 19, alikuwa ameshaacha mchezo baada ya kutibiwa anoreksia, ugonjwa wa kujinyima chakula. Ilibidi ifike mwaka 2022 ndipo shirikisho la kimataifa la mchezo huu, katika mkutano wake wa Phuket, Thailand, likapiga kura kupandisha umri wa kushindana na watu wazima kutoka miaka 15 hadi 17. Ni hatua njema. Ila imekuja baada ya wasichana wengi kuumia.

Sasa nirudi kwa Gold. Novemba 2018 alipanda tena barafuni kwenye mashindano ya kimataifa, jijini Moscow. Mambo yalimwendea vibaya. Baada ya onyesho fupi alikuwa wa mwisho kati ya washindani kumi, na kesho yake akajitoa. Alieleza wazi kwamba kuendelea na onyesho refu kungeidhuru afya yake ya akili na kumvunja moyo. Ninyi mmehesabu siku ile kuwa ndiyo kushindwa kwake. Mimi nasema siku ile ndipo aliporudi hasa.

Chuma cha kiatu cha kuteleza kina unene wa milimita nne hivi, na kimechongwa mfereji katikati, kwa hiyo kina kingo mbili. Mtelezaji husimama juu ya ukingo mmoja, wa ndani au wa nje, kama mtu anayetembea ukutani. Akiruka, hutua akienda kinyumenyume, kwa mguu mmoja, juu ya ukingo wa nje. Akisita hewani hata kidogo, mikono inafunguka kabla ya wakati, mzunguko unakatika, na anatua vibaya au anaangukia nyonga. Tena majaji hawana huruma: wanampunguzia pointi ya kuanguka, na mruko wenyewe unapewa alama ya chini kabisa. Sonona ni ugonjwa wa kusita. Inaingia katikati ya wazo na tendo, ikakaa hapo. Mtu aliyeugua sonona akisimama katikati ya barafu, muziki haujaanza, uwanja mzima kimya, anafanya kazi ambayo mshindani aliye kando yake haijui kabisa.

Sababu yangu ni hii. Mimi ni mwalimu. Miaka kadhaa iliyopita niliugua sonona, nikakaa nyumbani miezi mitano. Siku niliyorudi kazini nilikuwa nimepangiwa vipindi vitatu. Cha kwanza nilikimaliza. Katikati ya cha pili nikawa nimesimama na chaki mkononi, ubaoni nimeandika tarehe na kichwa cha somo, na mkono ukagoma. Haukutetemeka, uligoma tu. Darasa likanyamaza. Mtoto mmoja wa dawati la mbele akanyanyuka taratibu, akaniletea kiti bila kusema neno. Nilikaa, nikashukuru, kisha nikaenda kumwambia mkuu wa shule kwamba naondoka. Mlangoni mwenzangu mmoja akaniambia, sidhani kama kwa ubaya, "Kumbe mwalimu bado hujapona."

Neno hilo nililala nalo wiki nzima. Mnasihi wangu ndiye aliyeniondolea. Aliniuliza nilifundisha vipindi vingapi, nikasema kimoja na nusu. Akasema, basi wiki ijayo nenda kafundishe kimoja na nusu tena. Hakuniuliza kama nimepona. Hakusema jikaze. Mpaka leo sijui ningekuwa wapi kama siku ile ningejilazimisha kumaliza vyote vitatu ili nisionekane dhaifu.

Kwa hiyo niliposikia kwamba Gold amejitoa Moscow, sikusikitika. Nilimwelewa. Mwaka 2016 aliwaomba watu radhi kwa kuanguka. Mwaka 2018 aliweza kusema hapana, kesho sipandi, akaeleza kwa nini. Huyo hakuwa tena mtu yule yule, na kama hilo si dalili ya kupata nafuu, basi sijui nafuu inafananaje.

Na hakuishia hapo. Bingwa wa taifa mara mbili alilazimika kuanzia mashindano ya mchujo ya kanda, pamoja na wasichana waliokuwa watoto wakati yeye anasimama jukwaani Sochi. Akapita. Januari 2020, kule Greensboro, North Carolina, akapanda tena barafuni katika mashindano ya taifa. Alimaliza wa kumi na mbili, na uwanja mzima ukasimama kumpigia makofi. Mchezo huu unaishi kwa pointi, watazamaji wake wanajua kuhesabu, na walikuwa wamemshuhudia akifanya makubwa kuliko yale. Walijua wanampigia makofi ya nini. Mwaka 2022, Nashville, alikuwa wa sita baada ya onyesho fupi, akamaliza wa kumi. Mwaka 2023, San Jose, akamaliza wa nane. Kumi na mbili, kumi, nane. Hii ndiyo miaka ambayo makala yenu imeipa maneno mawili, hakufua dafu.

Simchukii Alysa Liu, nieleweke. Yule binti aliacha mchezo mwaka 2022 akiwa na miaka 16, amechoka nao, akaenda kuishi kama vijana wengine, akarudi kwa hiari yake mwaka 2024, na Machi 2025 akawa bingwa wa dunia, tena pale pale Boston. Nililia kwa furaha. Naye Biles alijitoa katikati ya fainali ya timu kwenye Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021 huku dunia ikimtukana, na mwaka 2024 akaondoka Paris na dhahabu tatu na fedha moja. Ni habari kubwa, ziandikwe. Ila tukiandika hizo peke yake, mgonjwa anayezisoma kitandani anapokea ujumbe kwamba ruhusa ya kuugua utaipata ukishashinda. Biles alisamehewa na wengi baada ya Paris. Kwa kweli alistahili kueleweka siku ile ile Tokyo, kabla ya medali yoyote.

Najua ukurasa wa michezo ni wa matokeo, na aliyekuwa wa kumi na mbili hapewi kichwa cha habari. Siombi lisilowezekana. Naomba mawili. La kwanza ni lugha. Makala ilisema Gold "alirukwa na akili". Hakurukwa na akili. Alipata sonona, na ugonjwa huo una jina la Kiswahili, fupi tu, linaenea kwenye safu yenu bila shida. Mchezaji akivunjika mguu mnaandika kavunjika mguu, hamwandiki kwamba kaanguka kama gunia. Kijana anayesoma "alirukwa na akili", naye ana wiki tatu hapati usingizi, hatamwambia mama yake. Atanyamaza. Najua, kwa sababu mimi nilinyamaza miezi kabla ya kwenda kwa daktari, na nilikuwa mtu mzima mwenye mshahara na elimu.

La pili, mkiandika tena kuhusu waliorudi, mpeni Gold aya moja, na ndani yake muitaje Moscow. Andikeni kwamba alipanda barafuni siku ya kwanza, siku ya pili hakupanda, na miezi kumi na minne baadaye alipanda Greensboro. Wapo wasomaji wenu ambao wako kwenye siku yao ya pili asubuhi hii.

Wako,
Mwalimu, msomaji wenu wa siku nyingi