Kubana matumizi ya kulea chipukizi kunazigharimu timu za besiboli

Mhariri,

Wako wamiliki wa klabu za Ligi Kuu ya besiboli Marekani ambao wakiombwa fedha za kulea vijana hujibu kwamba wengi hawafiki juu, kwa hiyo ni hasara. Ni kweli wengi hawafiki, lakini hesabu hiyo haijakamilika.

Kijana akipanda Ligi Kuu, kwa kawaida klabu hummiliki hadi atimize miaka 6 ya utumishi katika ligi hiyo. Miaka 3 ya mwanzo hulipwa karibu na kima cha chini, ambacho mwaka 2025 kilikuwa dola 760,000. Mchezaji wa uwezo huohuo akinunuliwa akiwa huru, yaani hafungwi tena na klabu yoyote, hudai mamilioni kwa mwaka. Akikomaa mmoja, amefidia gharama za wenzake wengi.

Ubahili wenyewe hufanyika pasipoonekana. Ada ya usajili huandikwa magazetini, kwa hiyo hulipwa. Kinachokatwa ni makocha wa madaraja ya chini, lishe na wataalamu wa viungo. Kikosi cha daraja A, mojawapo ya madaraja ya chini, huwa na wachezaji hadi 30, karibu nusu yao warushaji, yaani wanaomrushia mpira mpigaji wa timu pinzani. Kocha wa urushaji akiwa mmoja, kila kijana huambulia dakika chache kwa siku. Hapo ndipo kasoro hujificha: mguu wa mbele umeshakanyaga, mkono bado haujapanda. Jicho halioni hilo. Huonekana kwenye kamera inayonasa mamia ya picha kwa sekunde, tena awepo mtu anayejua kuzisoma. Kasoro ikiachwa, kijana hutafuta kasi kwa kuulazimisha mkono, na kano ya ndani ya kiwiko inaweza kukatika. Upasuaji wake humweka nje mwaka mzima au zaidi, huku klabu ikiendelea kumlipa.

Kwa wapigaji, wanaougonga mpira kwa gongo, mpira wa kasi ya maili 95 kwa saa huwafikia kwa takriban sekunde 0.4. Mashine kuukuu ya mazoezi inayorusha mipira mepesi iliyonyooka huzoesha jicho muda usio sahihi, na siku ya mechi gongo huchelewa.

Mishahara ya vijana hao nayo ilikuwa aibu. Kabla ya mkataba wa pamoja wa mwaka 2023 kati ya Ligi Kuu na chama cha wachezaji, daraja la chini kabisa lilianzia dola 4,800 kwa mwaka. Mkataba huo uliupandisha hadi 19,800. Kabla ya hapo, msimu ukiisha, vijana walikimbilia vibarua badala ya mazoezi. Na tangu 2021 kila klabu imebakiwa na timu 4 tanzu za msimu mzima, yaani timu za chini za kulea vijana wake, na raundi ambazo klabu hupokezana kuchagua chipukizi zimepunguzwa kutoka 40 hadi 20. Wanaoingia ni wachache, hivyo kumtelekeza hata mmoja ni hasara kubwa zaidi.

Mmiliki mwenye nia aanze na kocha wa pili wa urushaji katika kila kikosi cha chini, kisha chakula cha kutosha, ndipo anunue mashine. Bajeti hiyo aifunge kwa miaka 5, isiguswe hata timu kubwa ikiboronga msimu.

Mkufunzi wa besiboli