Barua kwa mwanangu: kabla hatujalipia kiwanja cha Kibirizi

Ujiji, Kigoma

Mwanangu Zuhura,

Asalaam alaykum. Sisi huku hatujambo. Mama yako anakohoa kidogo kwa moshi wa jikoni, na habari za hospitali hataki kuzisikia. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza, kisha nikamwita mdogo wako tuusikilize tena pamoja, asije akasema mzee anazua. Umesema mambo mawili kama vile hayahusiani. La kwanza, kwamba kazini mlikuwa mnasimuliana majanga, kila mtu la kwao, ikafika zamu yako ukasema Kigoma hakuna kitu, labda radi. La pili, kwamba dalali amekupatia kiwanja Kibirizi karibu na maji ya Ziwa Tanganyika, bei nafuu, na unataka niende nikalipe kianzio. Nayajibu yote kwa pamoja, maana kwangu mimi ni jambo moja. Naandika kwa kalamu, mdogo wako atapiga picha akutumie.

Hao wenzako walikuwa na ya kusema kweli. Yule wa Katesh, mwache asimulie hata mara mia. Tarehe 3 Desemba 2023, alfajiri, tope na mawe vilishuka kutoka Mlima Hanang vikafuata makorongo hadi kwenye nyumba za watu, wakafa zaidi ya 80. Mtu aliyelala mbali na mto, hana habari, anafukiwa kitandani. Na huyo wa Bukoba, tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 lilikuwa la ukubwa wa 5.9, wakafa watu wasiopungua 17, na nyumba nyingi zilizoanguka zilikuwa kama hizi zetu, tofali na udongo bila nondo. Yule wa Lindi naye amekuambia Kimbunga Hidaya cha Mei 2024. Muulize kama bibi zake walimsimulia kile cha Aprili 1952, kilichoupiga mji wa Lindi wenyewe. Sisi vimbunga havitufikii, bahari iko mbali karibu kilomita 1,000.

Lakini kusema Kigoma hakuna kitu! Ulikuwa mdogo, nakusamehe. Tarehe 5 Desemba 2005, Jumatatu alasiri, saa tisa na dakika kama ishirini, nilikuwa barazani nasahihisha madaftari. Kwanza niliona maji kwenye beseni la mama yako yakitetemeka, yakichora mistari, na hapakuwa na gari wala upepo. Halafu bati zikaanza kugongana juu ya kichwa. Wewe ulitoka mbio na kijiko mkononi. Lilikuwa tetemeko. Kitovu chake kilikuwa upande wa pili wa ziwa, karibu na Kalemie ya Kongo, ukubwa wa 6.8, na kule nyumba zilianguka. Ziwa letu limelala ndani ya Bonde la Ufa, ardhi huku na huku inaachana polepole tangu zamani za zamani. Ndiyo maana kina chake kinafika mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal la Urusi. Nilikuwa nawafundisha watoto darasani kwamba anayekaa Kigoma amekaa ukingoni mwa ufa. Wakubwa wanacheka, watoto hawacheki.

Radi nayo usiitaje kwa dharau. Ng'ambo ya ziwa, milima ya Kivu huko Kongo, ndiko penye radi nyingi kuliko kote Afrika. Kabare ndiyo inayoongoza. Mawingu hayaulizi pasipoti. Ukija wakati wa mvua, usinichajie simu kukiwa na ngurumo.

Na lipo janga ambalo linatokea mbali, sisi tukalila huku. Wakati wa mvua za El Niño za 1997 na 1998 reli ya kati ilikatika. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 Mto Mkondoa ukaichukua tena pale Kilosa. Kilosa na Kigoma ni mbali mno, lakini treni isipofika, sukari na saruji zinapanda hapa Ujiji wiki hiyohiyo. Hakuna aliyetuhesabu miongoni mwa waathirika, na sawa, hatukufa. Tulilipa tu.

Sasa nije kwenye ziwa.

Mwaka 1871, Stanley alipomkuta Livingstone hapa Ujiji, maji yalikuwa karibu. Leo ukienda pale kwenye mnara wa kumbukumbu yao, chini ya miembe, utajiuliza wale wazee walifuata nini huko juu, maana ufuko uko mbali. Ziwa ndilo lililohama. Stanley aliporudi mwaka 1876 akakuta miti mitatu, jamii ya mchikichi, ambayo aliiacha imesimama sokoni, sasa iko ndani ya maji, kama futi 100 kutoka ukingoni. Soko lilikuwa limemezwa. Ziwa hili lina mlango mmoja tu wa kutolea maji, Mto Lukuga, kule Kalemie, na wakati huo mlango ulikuwa umezibwa na tope na matete. Maji yakapanda mpaka mwaka 1878 yakauzibua. Ndani ya miaka isiyofika 20 ziwa likashuka mita kama 10. Huo ndio ufuko wote unaouona leo, na viwanja vyote vya dalali wako: ardhi ya kuazima.

Hata mlango ukiwa wazi, mto huo hautoi maji mengi. Zaidi ya sehemu tisa katika kumi za maji yanayoondoka ziwani zinaondoka na jua, kwa mvuke. Kwa hiyo zikija mvua kubwa miaka kadhaa mfululizo, Mto Malagarasi ukaleta, Mto Rusizi ukaleta, hakuna koki ya kufungulia. Mvua za mwishoni mwa 1961 ziliyainua maziwa yote ya huku, na la kwetu likafika kileleni mwaka 1964. Babu yako alikuwa akionyesha kwa fimbo maji yalikofika, sisi tukadhani ni porojo za wazee. Kisha Mei 2024 likafika karibu mita 777 kutoka usawa wa bahari, kiwango ambacho hakikuonekana tangu ile 1964. Gatumba kule Burundi watu wamehama, wakarudi, wakahama tena.

Hapo Kibirizi nilimtembelea bibi mmoja muuza dagaa, mama wa mwanafunzi wangu wa zamani. Maji hayakuingia kwake kwa mlangoni. Yalianzia chooni. Shimo lililokuwa kavu miaka yote likaanza kujaa kutoka chini, siku za jua, bila tone la mvua. Halafu kona moja ya sakafu ikawa nyeusi, ile kona ya godoro, na saruji ikatoa unga mweupe. Siafu wakahamia ukutani. Tofali zake zilikuwa za udongo wa kukausha kwa jua. Safu ya chini ilipolainika, unaweza kuitoboa kwa kidole, na alinionyesha, akatoboa. Alikuwa bado anapika humo ndani. Chanja za kuanikia dagaa akazisogeza nyuma, akazisogeza tena, mpaka zikagusa ukuta wa jirani. Kisha usiku mmoja upepo wa kusini ukaleta mawimbi, ukuta wa mbele ukalala chini. Alikwenda ofisi fulani kuandikisha hasara. Akaulizwa tukio limetokea tarehe ngapi. Akakosa la kujibu, maana ukuta ulianguka usiku mmoja, lakini nyumba ilikuwa imeanza kufa kitambo.

Ukitaka kujua janga baya kuliko yote niliyoyaona maishani, ni hilo, wala sikuona damu. Tetemeko lilitutikisa, tukatoka nje, tukarudi ndani tukala. Hili lilikuja kama mgeni anayesogeza kigoda chake kidogo kidogo mpaka amekalia mkeka wako. Hapakuwa na king'ora. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa rangi zake, njano kwa angalizo, chungwa kwa tahadhari, nyekundu kwa tahadhari kubwa, na wavuvi siku hizi wanazifuata kuliko zamani; lakini rangi hizo ni za mvua kubwa, upepo na mawimbi ya siku chache zijazo. Kiwanja unanunua kwa miaka hamsini.

Haya, kiwanja. Dalali amekuambia kiko zaidi ya mita 60 kutoka kwenye maji, kwa hiyo kinaruhusiwa na Sheria ya Mazingira ya 2004. Sheria ni kweli imetaja mita 60. Muulize, mita 60 kutoka kwenye maji ya mwezi gani? Ziwa hili hupanda na kushuka kila mwaka. Mvua zinaanza Novemba, zinaisha Mei, na Mei ndipo maji yanapokuwa juu kabisa. Oktoba yako chini. Na wewe picha ulizonitumia, mchanga mpana, mitumbwi imelala mbali, zimepigwa lini? Oktoba. Ufuko wa pale umelala. Chukulia ardhi inapanda mita moja tu kwa kila mita 50 za kutembea. Ziwa likiongezeka mita moja, hizo mita zako 60 zinabaki 10, na wimbi hujaliweka.

Kianzio sijalipa na hela yako ninayo, iko salama kwenye simu ya mama yako, ambaye haguswi. Kama ni nyumba unataka, tafuta kupanda juu, upande wa Mwanga. Huko nako usikimbilie kila kilicho juu: chungulia kama kuna korongo nyuma ya kiwanja, muulize mwenzako wa Katesh kwa nini. Uliza majirani wenye umri, siyo anayeuza. Kama unataka ufuko kwa ajili ya biashara ya dagaa tu, hilo nalielewa. Weka chanja na banda la mbao linalohamishika, choo ukijengee juu, uone kama utachoka kusogeza.

Na kama moyo wako bado uko kwenye kiwanja hichohicho, sikukatazi, wewe ni mtu mzima. Omba likizo Mei, uje. Mwambie dalali akupeleke mwenyewe mpaka kwenye kona ya mwisho ya mpaka, amevaa vile viatu vyake vya ngozi.

Mama yako anakusalimu, anasema unga wa muhogo utafika na basi la Ijumaa.

Baba yako