Taarifa ya Mwaka 2025 ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Rozari Hai wa Parokia Yetu

Tumsifu Yesu Kristo.

Baba Paroko, mlezi wetu wa kiroho. Viongozi wa Halmashauri ya Walei. Viongozi wa kanda na jumuiya mlioitikia mwaliko wetu. Nanyi wanachama wenzangu wa Rozari Hai: nawasilisha kwenu taarifa ya mwaka 2025, mwaka ambao Kanisa zima liliadhimisha Jubilei ya matumaini, na ambao Kamati Tendaji yenu iliuanza kwa kazi moja ndogo iliyotawala karibu yote yaliyofuata, yaani kuzikagua kadi za matendo katika kila kikundi.

Kwa faida ya wageni na wanachama wapya, niseme kwanza jinsi sala yetu inavyoendeshwa. Kikundi kimoja cha Rozari Hai kina watu ishirini, na kila mmoja hupewa kadi yenye tendo moja kati ya matendo ishirini ya Furaha, Mwanga, Uchungu na Utukufu, yaani matukio ya maisha ya Yesu na Mama yake yanayotafakariwa katika rozari. Kila siku, popote alipo na saa yoyote anayoiweza, mwanachama husali Baba Yetu moja, Salamu Maria kumi na Atukuzwe Baba huku akilitafakari tendo lililomwangukia, na mara moja kwa mwezi kikundi hukutana, kadi hubadilishwa, na kila mtu huondoka na tendo jipya. Kwa namna hiyo rozari nzima husaliwa kila siku na watu ambao siku hiyo pengine hawakuonana kabisa, mmoja akiwa jikoni, mwingine kwenye daladala, mwingine kitandani hospitalini. Ila mpango huu una sharti lake: asiposali mmoja, rozari ya kikundi siku hiyo ina pengo, na hakuna mwenzake atakayejua.

Ukaguzi wa Januari ulionyesha kwamba mapengo hayo yapo, na hayakuanza jana. Bahasha ya kikundi kimoja kati ya vile vikongwe vya parokia ilikuwa imeunganishwa kwa selotepu na kadi zake zimelika pembe kwa kushikwashikwa, jambo lililotupa moyo kwa sababu kadi inayotumika ndiyo huchakaa. Hata hivyo chini ya bahasha hiyo zilikuwapo kadi nne zisizo na mwenyewe. Wawili waliozishika walikuwa wamefariki, na watoto wao walizirudisha pamoja na vitabu vya sala vya marehemu. Mmoja alikuwa amehamia Dodoma kwa mwanawe. Na kadi ya nne hakuna aliyeweza kukumbuka ilitoka mikononi mwa nani. Moja kati ya hizo ilikuwa ya tendo la nne la Uchungu, Yesu anachukua msalaba. Kikundi hicho ni cha watu wema. Kilikuwa kimeshona sare mpya, hakikukosa kwenye maandamano ya Ekaristi Takatifu, na rambirambi zake hazikuwahi kuchelewa kufika kwa wafiwa. Lakini kwa miezi mingi hapakuwa na mtu hata mmoja aliyemsindikiza Bwana katika njia ya Kalvari kwa niaba ya wenzake.

Nimelieleza hili kwa kirefu kwa sababu naamini ndilo jambo kubwa kuliko yote ya mwaka wetu. Chama cha sala huweza kuendelea kuonekana kizima machoni pa parokia, kikiwa na sare, bango, nyimbo na mweka hazina mwaminifu, na huku sala yenyewe imepungua pole pole bila kelele. Sare ina heshima yake na mimi ni wa kwanza kuitetea, kwa kuwa inatukumbusha sisi ni wa nani; ila kuhesabu watu wenye sare hakujawahi kutueleza ni matendo mangapi yamesaliwa leo.

Inatufaa pia kukumbuka kwamba Mwenyeheri Pauline Jaricot, mwanamke mlei wa mji wa Lyon nchini Ufaransa, alianza kazi hii mwaka 1826 akiwa hajatimiza miaka thelathini, na aliianza kwa ajili ya watu wenye shughuli nyingi. Rozari wakati ule ilikuwa imeachiwa wazee na wale walioonekana kuwa na nafasi ya kusali sana. Yeye aliigawa: tendo moja kwa mtu mmoja, watu kumi na watano katika kundi, kwa kuwa matendo yalikuwa kumi na matano hadi Papa Yohane Paulo II alipoongeza Matendo ya Mwanga mwaka 2002. Alikuwa tayari ameitumia njia iyo hiyo katika sadaka, akiwahimiza wafanyakazi wa kawaida kutoa senti ndogo kila wiki kwa ajili ya misioni, na kutokana na juhudi hizo lilizaliwa mwaka 1822 Shirika la Uenezaji wa Imani. Wamisionari wa Roho Mtakatifu waliofika Bagamoyo mwaka 1868 nao walitegemezwa na sadaka hizo. Kwa hiyo wanachama wetu waliokwenda hija Bagamoyo mwaka huu na kusali mbele ya msalaba ulioko karibu na ufuo walikuwa wakiitembelea, kwa namna fulani, kazi ya mikono ya mwanzilishi wetu, ambaye Kanisa lilimtangaza Mwenyeheri huko Lyon tarehe 22 Mei 2022.

Baada ya ukaguzi, Kamati iliahirisha mipango mingine na kugawana jumuiya, kila mjumbe na za kwake, ili kuwatembelea wanachama wote nyumbani na kutafuta wa kuzijaza nafasi zilizo wazi. Matembezi haya yalitufundisha mengi kuliko semina. Tulimkuta mama mmoja mzee ambaye jina lake lilikuwa limekwisha kupigwa mstari katika daftari kwa kuwa haji tena kwenye mikutano, kumbe hajaacha kusali hata kidogo. Mikono inatetemeka kiasi kwamba punje za rozari humponyoka, basi huhesabu Salamu Maria kwa vidole alivyovilaza juu ya shuka. Na kwa kuwa macho hayaoni maandishi, mjukuu wake aliye darasa la nne humsomea tendo kila jioni kabla ya kufungua madaftari yake ya shule. Shida yake ilikuwa moja tu, kwamba hakuna aliyempelekea kadi mpya, hivyo amesali tendo lile lile, Bikira Maria anamtembelea Elizabeti, tangu alipoanza kuugua. Jina lake limerudishwa daftarini. Kuanzia mwezi Machi, kwa ruhusa ya Baba Paroko, kadi za wagonjwa hupelekwa na wahudumu wa Komunyo wanapowapelekea Ekaristi, na tangu hapo tumewapata wanachama wengine miongoni mwa wagonjwa ambao hawakuwahi kufikiri kwamba chama chochote cha parokia kingekuwa na haja nao.

Kwa upande wa vijana na wanaume tumepata kibali kuliko tulivyotazamia. Wanaume wengi walitukataa mwanzoni kwa sababu walidhani wanaalikwa kwenye mikutano ya kila wiki. Walipoelezwa kwamba wajibu wa kwanza ni Salamu Maria kumi kwa siku, baadhi yao walikubali palepale mlangoni. Kijana mmoja mwendesha bodaboda husali tendo lake kijiweni akisubiri abiria wa kwanza, kabla hajawasha pikipiki, na ni yeye aliyetuletea wenzake wawili. Naomba viongozi wa vikundi waizingatie tofauti hii wanapoalika: tuwaombe watu sala kwanza, mikutano na michango wataikuta ndani.

Kuhusu ibada za pamoja nitasema kwa kifupi. Njia ya Msalaba ya kila Ijumaa ya Kwaresima iliongozwa kwa zamu na vyama vyote vya kitume, nasi tulipata zamu yetu. Baba Mtakatifu Fransisko alipofariki Jumatatu ya Pasaka, tarehe 21 Aprili, vikundi vyote vilitolea matendo yao kwa ajili ya roho yake hadi alipozikwa, na baadaye kwa ajili ya makardinali waliokuwa wakijiandaa kumchagua mrithi wake, hadi tarehe 8 Mei tulipompokea kwa furaha Baba Mtakatifu Leo XIV. Ibada ya Ijumaa ya kwanza ya mwezi na Saa Takatifu ziliendelea vizuri.

Lipo jambo moja la ibada ambalo Baba Paroko amelikumbusha mara mbili na ambalo napenda liingie katika kumbukumbu za mkutano huu. Baadhi yetu, kwa upendo mkubwa kwa Mama Maria, huendelea na rozari mkononi Misa ikiwa imekwisha kuanza, na wengine humalizia tendo lao wakati wa mageuzo. Papa Paulo VI, katika waraka wake wa mwaka 1974 juu ya heshima kwa Bikira Maria, aliisifu rozari kuwa sala inayotuandaa kwa liturujia na inayochota nguvu kwake, lakini alisema wazi kwamba ni kosa kuisali ndani ya adhimisho lenyewe. Maria mwenyewe alisimama chini ya msalaba akimtazama Mwanae. Tangu Juni rozari ya pamoja inaanza nusu saa kabla ya Misa ya kwanza na kukoma kabla maandamano ya kuingia hayajapangwa, na anayekuwa hajamaliza tendo lake atalimalizia nyumbani.

Nakuja kwenye mwezi Oktoba. Baba Mtakatifu Leo XIV alikuwa ametualika Wakatoliki wote kusali rozari kila siku ya mwezi huo kwa ajili ya amani, mtu peke yake, katika familia na katika jumuiya, na nchi yetu ilikuwa inaelekea Uchaguzi Mkuu wa tarehe 29. Jumuiya zetu zilipokezana sanamu ya Mama Bikira Maria nyumba kwa nyumba, na kila jioni majirani walikusanyika kwa rozari na Litania. Katika nyumba chache tulikaa na majirani Waislamu waliokuja kwa heshima ya mwenyeji, wakasubiri hadi tumalize, ndipo wakanywa chai pamoja nasi. Tulikuwa tumepanga kufunga mwezi kwa maandamano na Misa ya jioni tarehe 31. Hayo hayakuwezekana. Tangu jioni ya siku ya uchaguzi jiji letu la Dar es Salaam lilikuwa katika amri ya kutotoka nje usiku, intaneti ilizimwa nchi nzima, na wengi wetu tulikaa ndani na hofu, tusijue ndugu zetu wako katika hali gani. Wapo waliopoteza maisha siku zile. Tumewaombea na tutaendelea kuwaombea, pamoja na familia zao, na tunawaomba wanachama wote wasiiondoe nia hii katika sala zao za kila siku.

Katika siku hizo hizo lilionekana jambo ambalo Kamati ingependa lisisahaulike. Vikundi vilivyokuwa vimeacha kadi za karatasi na kutegemea ujumbe wa kiongozi katika kundi la WhatsApp vilikatika ghafla: Novemba mosi ilipofika, siku ya kubadilisha matendo, hapakuwa na ujumbe, na wengi hawakujua wasali lipi. Vikundi vyenye kadi viliendelea. Mwanachama alibaki na tendo lake la Oktoba, akalisali gizani au kwenye mwanga wa mshumaa, akijua kwamba wenzake kumi na tisa wanasali yao ingawa hawezi kumpigia hata mmoja. Simu ina manufaa yake, hasa kuwakumbusha vijana, na hatukusudii kuipiga marufuku. Lakini kadi lazima iwe mkononi mwa kila mmoja.

Taarifa ya fedha itasomwa na mhazini mara baada yangu, ikiwa imekwisha kukaguliwa, nami sina la kuongeza isipokuwa kuwashukuru waliolipa ada zao kabla ya Krismasi.

Mwaka 2026 Rozari Hai inatimiza miaka 200. Kamati inapendekeza kwenu maazimio yafuatayo, na tunaomba yajadiliwe na kupigiwa kura leo. Kwanza, kikundi chochote kisishone sare mpya kabla kadi zake zote ishirini hazijapata wenyewe. Pili, mwanachama anapofariki, kadi yake ipokelewe na mwanachama mwingine kabla mwezi huo haujaisha, ikiwezekana mmoja wa familia yake, na kiongozi wa kikundi aandike daftarini ni nani aliyeipokea. Tatu, tuanzishe kikundi cha watoto kwa kushirikiana na walezi wa Utoto Mtakatifu, chama cha kimisionari cha watoto, kwa kuwa tumeona wazi ni nani anayewasomea matendo mabibi zetu. Wapo waliopendekeza maadhimisho makubwa ya jubilei hiyo, yenye kwaya za wageni na chakula cha pamoja. Kamati haipingi, lakini inashauri uamuzi huo ufanyike mwezi Julai, baada ya ukaguzi wa pili wa kadi.

Nawashukuru Baba Paroko na Baba Paroko msaidizi kwa malezi yao, makatekista wa vigango kwa kutupokea, na wajumbe wa Kamati Tendaji ambao muda wao wa uongozi unakwisha leo pamoja na wangu. Uchaguzi utasimamiwa na Halmashauri ya Walei baada ya mapumziko. Wakati huo huo viongozi wa vikundi wakae kwenye meza za upande wa sakristia wakiwa na bahasha zao, ili kila mwanachama achukue kadi ya mwezi huu kabla hajaondoka, na wenye wagonjwa nyumbani wachukue na za wagonjwa wao.

Mwenyekiti,
Rozari Hai