Salford si mchangani

Ndugu Mhariri,

Wiki iliyopita nilikuwa saluni hapa Mbagala, nimeketi kwenye kiti, nusu ya kichwa imeshanyolewa, vijana nyuma yangu wanabishana kuhusu mabeki wa Taifa Stars. Ubishi ulidumu kama nusu saa, kisha mmoja akaufunga kwa maneno machache: "Haji Mnoga? Si anacheza daraja la nne yule!" Saluni nzima ikaangua kicheko. Kinyozi wangu alizima mashine ili acheke vizuri. Mtu mwenye nusu kichwa habishani na aliyeshika mashine, kwa hiyo nilinyamaza.

Barua hii ndiyo jibu langu kuhusu Mnoga, beki wa Stars aliyesajiliwa na Salford City ya Uingereza. Naileta kwako kwa sababu kijana yule hakuyazua maneno hayo. Ameyaokota kwenye kurasa za michezo na kwenye vipindi vya redio vya asubuhi, ambako mpira wa Uingereza huanza na kuishia kwenye timu 20 za Ligi Kuu, yaani daraja la kwanza. Chini ya hapo, kwa wachambuzi wetu, ni mchangani.

Naomba nikusimulie habari za beki mmoja, Graham Alexander. Najua wasomaji wako wengi hawamjui, nami nisingemjua kama si usiku mmoja wa Agosti 2009. Ilikuwa Jumatano, mechi inaanza saa nne kasorobo za usiku, na mimi, shabiki wa Manchester United tangu utotoni, nililipa kiingilio cha kibanda umiza kuitazama timu yangu ikienda Burnley kuchukua pointi tatu. Burnley ndiyo kwanza walikuwa wamepanda, baada ya miaka 33 nje ya ligi ya juu. Robbie Blake akatufunga kwa kombora la mguu wa kulia, Michael Carrick akakosa penalti, tukalala 1-0. Niliyemkumbuka nikirudi nyumbani si Blake. Alikuwa mzee mmoja katikati ya uwanja, kichwa chake kama changu nikitoka saluni, anakata pasi zetu taratibu kama fundi anayepima mbao. Nikauliza, yule nani? Hakuna aliyejua. Mmoja akasema labda ni kocha ameingia kwa sababu wachezaji wamepungua.

Huyo ndiye Alexander. Alizaliwa Coventry Oktoba 1971. Siku nne kabla ya mechi ile alikuwa amecheza mechi yake ya kwanza kabisa ya Ligi Kuu, ugenini kwa Stoke, akiwa na miaka 37, na hakuna mchezaji asiye kipa aliyewahi kuanza ligi hiyo na umri mkubwa kama wake. Hapa kwetu mchezaji wa miaka 37 ni mzee wa kamati. (Ndiyo maana wapo wachezaji wetu ambao hufika miaka 24 wakapumzika hapo misimu minne mizima.)

Alikuwa wapi miaka yote hiyo? Alikuwa huko huko "mchangani". Alianzia Scunthorpe United, timu ya mji wa viwanda vya chuma, ikicheza daraja la nne, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 1995 akaenda Luton Town, ambao msimu ule ule walishika mkia na kushuka kutoka daraja la pili kwenda la tatu, naye akashuka nao. Mwaka 1999 Preston North End wakamchukua, na hapo ndipo alipojulikana hasa kama beki mbili, yaani beki wa kulia. Kocha alikuwa kijana aliyeitwa David Moyes, ambaye baadaye alikuja kuifundisha United, na wengi wetu tulimjua kwa machozi. Mwaka 2000 wakachukua ubingwa wa daraja la tatu, wakapanda. Preston walifika fainali ya mchujo wa kuingia Ligi Kuu mara mbili akiwa pale, mwaka 2001 na 2005, wakafungwa zote mbili, moja na Bolton na nyingine na West Ham. Mtu mwingine angesema basi, Mungu hakupanga. Alexander alihamia Burnley Agosti 2007, akasogezwa mbele kucheza kiungo mkabaji, na Mei 2009 pale Wembley, kwenye fainali ya mchujo huo huo, wakaifunga Sheffield United 1-0, wakapanda. Ndivyo alivyofika kwenye runinga ya kibanda chetu.

Sasa nirudi kwa kijana wa saluni, maana hoja yake ilikuwa hii: mtu wa madaraja ya chini hana hadhi ya kuvaa jezi ya taifa. Alexander aliitwa Scotland kwa mara ya kwanza mwaka 2002, ana miaka 30, anacheza Preston, daraja la pili. Kocha wa Scotland wakati huo alikuwa Mjerumani Berti Vogts, mtu aliyekuwa beki mbili mwenyewe na akachukua Kombe la Dunia mwaka 1974. Yeye hakuangalia jina la timu. Alexander akaichezea Scotland mechi 40. Septemba 2007 Scotland walikwenda Paris kukutana na Ufaransa iliyokuwa imetoka kucheza fainali ya Kombe la Dunia mwaka mmoja nyuma, na beki tatu, yaani beki wa kushoto, wa Scotland usiku ule alikuwa yeye, mchezaji wa Burnley ya daraja la pili, tena kwenye upande ambao si wake. Upande wa pili kuna Ribéry, kuna Vieira, kuna Trezeguet. James McFadden akapiga shuti la mbali, Scotland wakashinda 1-0. Angekuwa Mtanzania, wiki ile nzima kabla ya mechi tungekuwa tunajadili kwa nini kocha anatuletea wachezaji wa Burnley.

Jambo lingine ambalo wachambuzi wetu hawaligusi ni wingi wa mechi. Madaraja ya pili, ya tatu na ya nne ya Uingereza kila moja lina timu 24, maana yake mechi 46 za ligi kwa msimu, kabla hujaweka makombe. Unacheza Jumamosi, unapanda basi, unacheza tena Jumanne usiku kwenye baridi na matope, mbele ya watu elfu tatu wanaokujua kwa jina na kukutukana kwa jina. Aprili 2011 Alexander alifikisha mechi 1,000 za mashindano. Kabla yake, mchezaji asiye kipa aliyekuwa anasimuliwa kwa hesabu za namna hiyo ni Tony Ford, aliyeanzia Grimsby akamalizia Rochdale mwaka 2001 na mechi 931 za ligi peke yake. Naye hukumwona kwenye runinga. Ligi yetu ya timu 16 ina mechi 30 kwa msimu. Anayetaka kufikisha mechi 1,000 za ligi hapa, bila kukosa hata moja, anahitaji miaka 33 na ushee. Akianza ana 18, atamaliza ana 51.

Mimi nilicheza namba mbili kwenye ndondo za huku kwetu mpaka goti likakataa, kwa hiyo najua kidogo ninachokisema. Beki hafundishwi na mazoezi kama anavyofundishwa na mechi. Unajua lini uruke na lini usubiri kwa sababu uliwahi kuruka ukaachwa hewani, watu wakacheka, na Jumapili iliyofuata ukasubiri. Beki kijana anayekaa benchi la klabu kubwa anakosa darasa hilo. Aliye daraja la nne analipata mara mbili kwa wiki.

Mnoga mwenyewe alizaliwa Portsmouth, akalelewa na timu ya mji huo, akaichezea timu ya wakubwa akiwa bado na miaka 16, akavaa pia jezi ya vijana wa England. Kisha yakaja maisha ya kawaida ya beki wa huko: mkopo hapa, mkopo pale, ikiwemo Gillingham na Aldershot, na Aldershot hiyo ni daraja la tano. Alipoitwa Stars kwa ajili ya AFCON ya Côte d'Ivoire, Januari 2024, ndiko alikokuwa. Majira ya joto ya mwaka huo akasajiliwa Salford City, daraja la nne. Kwa hesabu za saluni ni mtu aliyepanda daraja moja. Sisemi Mnoga ni Alexander. Huenda akaishia hapo alipo, huenda akafika mbali, mpira hauna mkataba na mtu. Ninachokataa ni kuhukumiwa kwa jina la ligi na watu ambao hawajamwona akipiga hata mpira mmoja wa kurusha.

Na Salford wenyewe, unajua wameingiaje kwenye madaraja manne ya juu? Miaka kumi na ushee iliyopita ilikuwa timu ya mtaa, mpaka nyota wa zamani wa United, Gary Neville, Paul Scholes, Ryan Giggs na wenzao, waliponunua hisa. Fedha zilikuwepo, ila kocha aliyewavusha kutoka daraja la tano, Mei 2019, kwa kuifunga AFC Fylde 3-0 pale Wembley, alikuwa Graham Alexander. Njia anayopita Mnoga kila Jumamosi ilifyekwa na mzee yule wa kibanda umiza. Nilipoligundua hili nilimpigia simu rafiki yangu niliyekuwa naye usiku ule wa 2009. Akaniuliza kama nimekunywa.

Alitundika daruga Aprili 2012, na namna alivyotundika inastahili aya yake. Alikuwa amerudi Preston, safari hii daraja la tatu, ana miaka 40. Mechi ya mwisho nyumbani, Deepdale, wageni ni Charlton waliokwisha kuwa mabingwa. Preston wako nyuma 2-1, mzee anaingizwa kutoka benchi, dakika za nyongeza zinayoyoma, faulo inapatikana nje ya boksi. Kila mtu uwanjani anajua nani anapiga. Akapiga, ukatikisa nyavu, 2-2, mwamuzi akamaliza mpira. Beki yule aliondoka na mabao zaidi ya 100, mengi yake ya penalti, kwa kuwa kokote alikokwenda mpira ukiwekwa kwenye nukta watu walimgeukia yeye.

Ndugu Mhariri, sikuombi ukurasa. Najua ukurasa ni wa Simba na Yanga, na mimi mwenyewe nikikosa habari za Yanga asubuhi chai hainishuki. Lakini kila Jumapili mnachapa matokeo ya Ligi Kuu ya England, mechi zote, mpaka zile ambazo hakuna Mtanzania anayezifuatilia. Chini yake pana nafasi ya mstari mmoja. Andikeni Salford wamepata ngapi, na kama Mnoga amecheza, mwandike dakika. Nitaukata mstari huo kwa mkasi na kuupeleka saluni, nibandike kwenye kioo, pale pale kijana yule anapojitazama.

Msomaji wenu wa kila siku,
Mbagala, Dar es Salaam