Yah: Malalamiko juu ya upimaji wa maji chini ya ardhi

Kwa Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kamati yetu ya maji iliwalipa mtupimie, kwa kupitisha umeme ardhini, mahali pa kuchimba kisima kirefu. Ripoti yenu ilituelekeza nyuma ya zahanati, tuchimbe mita 110. Tumechimba. Mtambo umetoa udongo wa mfinyanzi wa kijivu unaonata kwenye mabomba, kisha unga wa itale (mwamba mgumu) kavu mpaka chini. Michango ya wananchi imeishia humo.

Nimeisoma upya ripoti hiyo pamoja na mwalimu wetu wa fizikia. Inadai kwamba tabaka lenye ukinzani (kiasi ambacho ardhi huzuia umeme) wa omu-mita 8 ni "maji mengi". Kwa msingi gani? Mfinyanzi nao hupitisha umeme vizuri, na maji ya chumvi vilevile. Hapa ni Singida. Mtu anayepima maji mkoa huu bila kuifikiria chumvi ya ziwa Singidani ametoka wapi? Maji baridi ndani ya itale iliyooza au kupasuka kwa kawaida husoma makumi kadhaa hadi mamia ya omu-mita. Namba 8 ilipaswa kuwashtua, nyinyi mkaishangilia.

Halafu kina chenyewe. Vijana wenu walivuta waya mita 80 kila upande kutoka katikati, hadi kwenye vigingi vya chuma vinavyoingiza umeme ardhini. Kwa mpangilio wa Schlumberger, yaani vigingi vinne kwenye mstari mmoja, viwili vya nje vikiingiza umeme na viwili vya ndani vikipima volti, kipimo huona chini kiasi cha robo hadi theluthi ya umbali wa vigingi viwili vya nje, yaani mita 40 hadi 50 na ushei. Hiyo 110 mliisoma wapi?

Tena walipima sambamba na uzio wa seng'enge wenye nguzo za chuma, ambao huvuta umeme uliokusudiwa kupita ardhini. Nilipomwuliza fundi alinijibu, "Hakuna shida, mzee," huku akimwagia kigingi maji ya chumvi.

Tunaomba mtuletee namba ghafi za ampia na volti kwa kila hatua ya waya, siyo mchoro wa rangi tu. Pia mrudi kupima kwa gharama zenu, mbali na uzio, kwa mistari miwili inayokatana. La sivyo, rudisheni ada ya upimaji. Tusipojibiwa mwezi huu, tutalifikisha suala hili Bodi ya Maji Bonde la Kati.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Katibu, Kamati ya Maji ya Kijiji